Papa Fissure na Ufa wa Sebuleni Kwetu

"Papa Fissure hakuamuka." Ndivyo mke wangu alivyonipa habari, Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Akaketi kwenye ngazi akalia, na katikati ya kilio nikamsikia anacheka. Sikumwuliza anacheka nini, nilijua. Hapa mtaani Muhumba, Bukavu, hakuna nyumba iliyowahi kumkaribisha mzee yule ikakosa kisa cha kuchekea, na kisa cha kwetu ndicho kikubwa kuliko vyote. Wasomaji wa safu hii, leo nilikuwa nimejiandaa kuwalalamikia kuhusu barabara. Barabara itasubiri, imezoea.

Jina lake la ubatizo sitaliandika, kwani hata lilipotangazwa kanisani watu walitazamana wakiulizana ni marehemu gani huyo, mpaka mmoja akanong'ona "Papa Fissure" na benchi zima likashika vichwa. Alifundisha somo la uimara wa vifaa, wenyewe wanaliita résistance des matériaux, katika shule ya ufundi ya mji huu mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kulifundisha bila kuombwa, sokoni, kwenye foleni ya maji, mahali popote palipo na ukuta. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, na hakuwa na unyenyekevu hata chembe. Akiingia nyumbani mwako anausalimu ukuta kwanza. Anaupitisha kiganja, anaugonga kwa kidole kilichokunjwa, anasogeza sikio, ndipo anageuka na kukuuliza watoto wanaendeleaje. Fissure kwa Kifaransa ni ufa, na yeye nyufa alizipenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Kilichomkera kuliko yote ni methali yetu kongwe, ile ya asiyeziba ufa kujenga ukuta. Kila alikokwenda watu walimtolea hiyo, wakidhani wanamfurahisha. "Nani alisema kuziba?" alikuwa anafoka, mate yakiruka. "Ukiziba bila kuuliza, utajenga nyumba muzima! Ufa inakuambia kitu, weye unaiziba kinywa!" Kisha anakuketisha na kukueleza, na ninakiri kwamba mimi, niliyekimbia hesabu nikiwa kijana na kuangukia kwenye magazeti, nilimwelewa siku ya kwanza. Nguvu ndani ya ukuta, alisema, zinasafiri kama waumini wanaotoka misa ya kwanza. Mbao zote mbili za mlango zikiwa wazi, kila mtu anapita kwa nafasi yake. Funga ubao mmoja, na watu hawapungui. Wanauzunguka, wanabanana pale kwenye ukingo wa ubao uliofungwa, na hapo ndipo viatu vinakanyagwa na watoto wanalia. Ufa ni huo ubao uliofungwa. Nguvu haipiti ndani yake, inauzunguka, na msongamano wote unakuja kwenye ncha. Ncha ikiwa kali, msongamano ni mkubwa na ufa unasonga mbele. Ndiyo sababu siku moja alichukua beseni la plastiki la mke wangu, lililokuwa limepasuka ukingoni na tayari kutupwa, akapasha msumari moto na kutoboa tundu la mviringo mwisho kabisa wa ufa. "Maman, bassin yako haiyakufa," akamwambia. "Iko inatembea tu. Tumeifungia njia." Mke wangu alikuwa amekuja kuokoa beseni, akakuta limeongezwa tundu, na siku ile hakumkaribisha chai. Beseni hilo tunalifulia mpaka leo.

Sasa nije kwenye ufa wetu. Nyumba yetu imekaa kwenye mteremko, kama nusu ya mji huu, mgongo ukiwa umeegemea kilima na uso ukitazama ziwa. Msimu mmoja wa mvua ulizuka ufa kwenye kona ya chini ya dirisha la sebule, ukashuka mshazari kuelekea sakafuni, mwembamba kama uzi. Papa Fissure alipouona alifurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu. Kona ya dirisha, akasema, ndipo hasa nyufa hupenda kuzaliwa, kwa sababu ni kona kali na nguvu zinabanana pale. Alikata kipande chembamba cha kioo, kirefu kama kidole, akakilaza juu ya ufa na kukifunga kwa plasta huku na huku. Kando yake akachora mshale na kuandika tarehe ya siku ile, ambayo mwandiko wake uliifanya ifanane na nyayo za kuku. Kioo kile kilikuwa shahidi. Kioo hakijui kuvutika, alinieleza. Ukuta ukijongea hata kwa upana wa unywele, kinavunjika. Kikibaki kizima, ufa umelala. "Usikipake rangi, usikifunike na plasta," akaniamuru, "kila asubuhi ukitazame mbele ya kutazama sura yako."

Wiki chache baadaye ikafika habari ya furaha: kijana mmoja wa Nyangezi, mwalimu, ambaye binti yetu alikuwa amemsoma vizuri kuliko masomo yake, alikuwa analeta wazee wake kutoa mahari. Mnajua namna mji huu unavyojiandaa kwa wakwe. Hakuna nyumba inayopakwa rangi kwa ajili ya wenye nyumba. Inapakwa kwa ajili ya wakwe, na wakishaondoka inangoja binti mwingine. Mke wangu na dada zake walikwisha kuita fundi aje aukandike ule ufa kwa saruji na kuupaka rangi ya krimu, Papa Fissure akavuka ua kwa singlendi yake na kujikalisha kwenye kiti, mgongo kwenye ufa, miguu imepanuliwa.

"Papa, samedi bakwe banakuya," mke wangu akamsihi. "Banikute na nyumba ya kupasuka?"

"Maman, mutu akiwa na homa, munamufunika uso juu bageni basimuone?"

"Homa haionekane kwa photo!"

Fundi aliondoka na mwiko wake mkavu. Mapatano yaliyopatikana baada ya makelele mengi yalikuwa kwamba kioo kisiguswe, ila mke wangu atatundika pazia mbele yake, pazia refu la kung'aa lililonunuliwa kwa heshima ya siku hiyo. Papa Fissure alinuna lakini akakubali. Pazia likaning'inia pale mahali pasipo na dirisha, likifunika ukuta mtupu, na sote tukaona ni zuri.

Siku ya Jumamosi sebule ilijaa mpaka pumzi zikawa za zamu. Upande wa mume walikuja na nyimbo, vikapu vichwani, na vitenge vya mama wa binti vimepangwa juu ya sinia, cha juu kabisa kikiwa cha buluu chenye ndege wa manjano. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa kijana, katekista mrefu mwenye miwani, mtu wa maneno yaliyopigwa pasi. Binti yetu, kwa desturi, alikuwa amefichwa chumbani akingoja kuitwa. Mambo yalikuwa yanakwenda kama maji ya mtaro. Msemaji akatamka shukrani yake ya kwanza, akaketi kwa madaha, akaegemea, na pazia likamfuata. Fimbo na pete na kitambaa vyote vilimwangukia kichwani. Alipojinasua, akageuka kuona alichoegemea.

Kisha akavaa miwani vizuri, akasogea, akaona kioo kilichofungwa kwa kitu cheupe huku na huku, mshale, na maandishi yasiyosomeka.

"Bene nyumba," akasema polepole, "hii iko kitu gani munatufichia? Sisi tuko bakristo."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Vigelegele vilikatika kama redio iliyonyimwa umeme. Mwanamke mmoja wa upande wao akajipiga ishara ya msalaba. Mwingine aliyekuwa amekwisha kupokea sahani akairudisha mezani taratibu. Kijana mwenyewe alisimama, akatazama mlango wa chumba alichofichwa mchumba wake, akaketi tena. Nilifungua kinywa kueleza, na maneno ya kwanza yaliyotoka yalikuwa "Hapana, ile ni shahidi tu," jambo ambalo, mkilifikiria, halimsaidii mtu anayeshukiwa kufuga uchawi sebuleni. Nyuma ya mlango wa chumba nikasikia binti yangu anaanza kulia. Nawaambia ukweli, niliona harusi ya mwanangu inaondoka kwa mguu kurudi Nyangezi.

Hapo ndipo kilipolipuka kicheko. Papa Fissure, kule pembeni alikokuwa amekabidhiwa kiti na chupa ili anyamaze, alikuwa anacheka mpaka machozi. "Dawa!" akasema. "Mi kufundisha maisha muzima, na leo nimekuwa mufumu, muganga wa hirizi!" Akajisukuma katikati ya magoti ya watu mpaka kwenye sinia ya zawadi, na kabla mtu hajamzuia akanyanyua kile kitenge cha juu, cha buluu, cha ndege wa manjano. Akakikunjua. Akamchagua, kutoka upande wa mume, kijana mwenye mabega mapana kuliko wote, akamkabidhi ukingo na kumwambia avute, akichane vipande viwili. Kijana alimtazama katekista, katekista akatazama dari. Kijana akavuta. Akavuta tena, shingo ikatoa mishipa, na kitenge kikamkatalia.

"Mukasi," akasema Papa Fissure, mkono ukiwa umenyooshwa kama daktari. Shemeji yangu, sijui alikuwa anawaza nini, akampa. Akaukata ule ukingo kidogo tu, mkato usiozidi punje ya mchele, halafu akageuka kumtafuta mtu. Macho yake yakatua kwa bibi yake bwana harusi, kizee kilichokuwa kimekaa mkekani na fimbo yake, chepesi kama ganda la karanga.

"Mademoiselle, kuya unisaidie."

"Mi? Mi sina nguvu."

"Njo maana nakuita, juu huna nguvu."

Bibi akashika huku kwa vidole viwili na huku kwa vidole viwili, akavuta kwa adabu. Kitenge kililia fraaa! kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, na bibi akabaki ameshika nusu moja kila mkono. Bibi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Yesu Maria!" akasema. "Nimepasua kikwembe ya bene!"

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nadhani ni katekista, maana nakumbuka miwani yake ikianguka. Kitenge cha mama wa binti kilikuwa kimechanwa mbele ya koo mbili, na aliyekichana ni bibi yao wenyewe, kwa hiyo hakukuwa na wa kumkasirikia. Katikati ya kelele Papa Fissure aliinua ule mkono wake mnene na kufundisha somo lake, pengine bora kuliko yote. "Munaona? Kijana amevuta na mabega yake yote, kikwembe ikakataa. Bibi amevuta na bidole. Nguvu haikuongezeka! Ni njia njo ilifunguka." Akawapeleka ukutani, akawaonyesha kona ya dirisha, ule mkato mdogo wa punje ya mchele katika nyumba yetu. Akaeleza kioo, kwa nini kimewekwa, na kwamba bado ni kizima. "Donc ufa imelala. Tukule."

Katekista hakuwa mtu wa kuridhishwa upesi. Aliinama, akagusa kioo kwa ncha ya kidole, akauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Papa Fissure alimkumbatia kwa swali hilo. Maji, akasema, yanashuka kilimani na kukaa nyuma ya ukuta, yanausukuma. Kioo hakizuii kitu, kinatoa habari tu. Dawa ya kweli ni mtaro wa kuyapitisha pembeni. Katekista akatafakari, akageukia kwangu, na maneno yake yananirudia kila nikipita pale. "Muliweka rideau juu ya ukuta, tukaona uchawi. Mungeacha wazi, tungeona ukuta tu."

Mke wangu naye, mwanamke niliyemwoa kwa sababu kama hizo, aliziokota zile nusu mbili. Moja akaifunga kiunoni. Akafungua mlango wa chumba, akamtoa binti yetu aliyekuwa na macho mekundu, akamfunga nusu ya pili mbele ya wote. "Moja yangu, moja yake," akasema. Vigelegele vilivyofuata, naamini vilisikika mpaka kijiji cha Miti, mbali nje ya mji. Na kiangazi kilipofika, kabla ya harusi ya kanisani, lori lilishusha mlangoni kwetu wanaume wa Nyangezi na majembe yao, katekista mbele, miwani imefungwa kwa uzi. Walichimba mtaro nyuma ya nyumba pamoja nasi, Papa Fissure akiwa amesimama juu ya kilima akiwatukana wote kwa usawa. "Bajukuu bangu batalala humu," katekista alisema. "Mi siwezi kuacha maji ibasukume." Kioo cha zamani bado kiko pale, kizima. Wajukuu wenyewe wamekwisha kufundishwa wasikiguse, na kwa hiyo wanakigusa kila likizo.

Nimekuwa nikiwaza wiki hii kuhusu mji wetu. Siku hizi hatupaki rangi tu, tunabandika marumaru; ufa ukitokea tunaupa kauri inayong'aa na jirani anatuonea wivu. Tunajenga nyumba juu ya nyumba, na mlima unabeba kimya. Mzee alikuwa akisema kwamba chuma hakiuawi na mzigo mkubwa wa siku moja mara nyingi kama kinavyouawa na mzigo mdogo unaorudi, unaorudi, unaorudi, kila mara ukiusogeza ufa hatua isiyoonekana, mpaka siku unapofika urefu wake wa hatari na kukimbia wenyewe bila mtu kuusukuma. Watu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa mzigo unaorudi ni nini. Ila alikuwa anamalizia jambo ambalo watu walisahau kumsikiliza, kwa sababu lilikuwa la furaha: kwamba hakuna kitu duniani kisicho na ufa, hata chuma kilichotoka kiwandani jana kina vijufa vyake, na madaraja yanasimama vilevile. Kazi ya injinia si kutafuta kitu kisicho na ufa, maana atazeeka anatafuta. Kazi yake ni kujua ufa uko wapi, una urefu gani, na leo umeamkaje. Ndoa yangu mwenyewe nimeiendesha kwa kanuni hiyo, na mwenye ndoa mwenzangu anasema kanuni ni nzuri, mwanafunzi ndiye mzito.

Nilimwona mara ya mwisho wiki moja kabla hajatutoka. Moyo ulikuwa umemchosha, mwezi baada ya mwezi, na alikuwa anakaa barazani amefunikwa blanketi, akipunguka taratibu mbele ya macho yetu. Nilijaribu kuwa na uso wa huzuni, akanikataza. "Kioo inavunjika bila kusema," akaniambia. "Chuma muzuri inapinda kwanza, inakupa habari, unapata wakati ya kuondoka chini yake. Mi niko napinda, mwandishi. Nimebapa bote wakati." Na ni kweli, alitupa. Kila mtu alipita kumuaga, na kila mtu aliondoka na tusi lake la kumbukumbu kuhusu nyumba yake. Nilimpenda mzee yule, na sikumwambia kwa maneno hayo, lakini nadhani kiganja chake kilikuwa kimekwisha kunipima na kujua.

Siku ya mazishi nyumba yake ilijaa. Ukutani kote, sebuleni, korido, mpaka jikoni, vipande vya kioo vimelala juu ya nyufa na mishale yao, kwa sababu alijifanyia mwenyewe alichotuhubiria. Mgeni mmoja kutoka mbali, mama wa makamo, akavitazama kwa muda, akamsogelea mke wangu na kumwuliza kwa sauti ya chini, huku mkono umekwisha kukaribia msalaba shingoni, kama marehemu alikuwa anatumia dawa. Nikamwona mke wangu anavuta pumzi. Akafungua kilemba kichwani mwake: buluu, ndege wa manjano, kimepauka. Akamwita binti yetu, akamfungua kiunoni nusu yake, na katikati ya wafiwa akaziunganisha mbili zile ubavu kwa ubavu, uzi kwa uzi, mpaka ndege waliokatwa mbawa wakazipata tena. Akaweka kidole pembeni kabisa, penye mkato wa punje ya mchele. "Hapa njo ilianzia," akasema, kwa sauti ileile ya kufoka ya Papa Fissure. "Nguvu haikuongezeka! Ni njia..."

"Mi njo niliipasua!" ikatoka sauti mkekani. Bibi wa Nyangezi, mwepesi kuliko zamani, alikuwa ameletwa kwa kubebwa na hakukubali historia iandikwe bila yeye. "Na bidole! Mulete ingine!"

Wanawake wote waliokuwa karibu wakashika vitenge vyao kwa mikono miwili. Tulicheka katika nyumba ya msiba mpaka padri akachungulia, naye akaelezwa, naye akaomba aonyeshwe ule mkato. Jioni hiyo niliporudi kwangu nilipita moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la sebule, nikaupitisha kiganja ukutani, nikagonga kwa kidole kilichokunjwa, nikasogeza sikio. Msomaji wangu, fanya hivyo kwako leo, kwa ukuta na kwa watu wanaokaa ndani yake. Na ukikuta ufa, ondoa pazia.